Kikohozi cha Dada Yangu

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari ya jambo nililoliona mwenyewe, wala si jambo nililolisoma kitabuni tu. Nimechagua habari ya ugonjwa wa dada yangu. Yeye amenipa ruhusa kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake, maana ni fundi cherehani pale karibu na stendi, na hapendi wateja waje kumtazama kifua badala ya kuleta vitambaa. Basi humu nitamwita Dada tu.

Kikohozi chake kilidumu miaka mitatu, na katika miaka hiyo kilipewa majina mengi kabla ya kupata jina lake la haki. Nataka kuyaeleza majina hayo kwa zamu, kwa sababu kila jina lilikuja na dawa yake, na kila dawa ilikuja na matumaini yake.

Jina la kwanza lilikuwa la bure. Wasomaji wasioifahamu Madaba wajue kwamba mji wetu uko juu, katika barabara iendayo Songea kutoka Njombe, na kwamba miezi ya Juni na Julai ukungu huweza kukaa mpaka saa nne. Kila nyumba inaota moto wa kuni, na kila nyumba inakohoa. Kwa hiyo Dada alipoanza kukohoa mvua za Desemba mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 21, hakuna aliyeshtuka. Mama alisema ni baridi, akampikia tangawizi. Bibi yetu, aliyekuja kumjulia hali, hata hakumaliza kusema "Kamwene" kabla ya kutupa lawama zote kwa Dada kwa kutovaa sweta.

Mwaka 2020 ulipofika, kukohoa kulikuwa jambo la hatari, si kwa mwenye kukohoa bali kwa heshima yake. Mtasikumbuka nyinyi mliokuwa shule za msingi? Ilikuwa wakati wa korona. Siku moja Dada alikohoa ndani ya basi, na kabla ya kufika Wino akajikuta ana kiti cha watu watatu peke yake. Lakini korona hukaa wiki kadhaa, na kikohozi cha Dada kilikaa. Kisha akaanza kutoa mlio kifuani kama filimbi ya mtoto, hasa alipopanda mlima na ndoo. Alipokwenda zahanati akaambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Akaivuta mwaka mzima. Mlio haukuondoka, ila Dada alisema mikono ilimtetemeka hata uzi ukakataa kuingia katika tundu la sindano.

Mwaka 2021 lilikuja jina la tatu, nimonia. Homa ilimpanda mara tatu katika mwaka ule, na mara zote tatu maumivu yalikuwa mahali pamoja, upande wa kulia, chini ya bega. Sindano na vidonge vilimsaidia kila mara, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi palepale. Leo najua sababu, nami nitaieleza mbele. Wakati ule sisi tulijua tu kwamba anapona na kuugua, anapona na kuugua, na kwamba nguo za wateja zinarundikana.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alikohoa damu. Haikuwa nyingi, kiasi cha kijiko cha chai, lakini ilikuwa nyekundu kabisa, na Mama aliizika kwa majivu kama kitu cha aibu.

Hapo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na shaka. Kukohoa muda mrefu, kukonda, kutoa damu: ni kifua kikuu. Nami sitaki msomaji awacheke wauguzi na waganga waliosema hivyo. Katika nchi yetu ukiona dalili hizo, mara nyingi sana ni kifua kikuu kweli, na mganga anayesahau kukitafuta atazika watu. Kidudu cha ugonjwa huo kilitangazwa na Mjerumani Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, na bwana huyo mwenyewe alifika kufanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Leo Tanzania ina mashine zinazotafuta kidudu hicho ndani ya makohozi kwa muda wa saa mbili tu, na huko Morogoro wako hata panya buku waliofundishwa kukinusa. Dawa hutolewa bure. Huduma hiyo ni ya kujivunia.

Shida ni kwamba makohozi ya Dada yalipimwa mara mbili, na mara zote mbili kidudu hakikuonekana. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, walisema yawezekana kimejificha, wakamwanzishia dawa kwa kufuata dalili. Jambo hilo huruhusiwa, maana kweli huwa kinajificha. Basi akameza vidonge miezi 6, bila kukosa hata siku moja. Mkojo ukawa mwekundu kama kawaida ya dawa zile. Mwezi wa Mei mwaka 2022 akamaliza, akaandikiwa kwamba amemaliza matibabu, akarudi nyumbani akikohoa.

Hapo ndipo jina la tano lilipotokea, nalo halikuandikwa katika cheti chochote. Baba Mkubwa alikuja usiku, akakaa na Baba nje karibu na banda la ng'ombe, nami nilikuwa ndani nikijifanya nimelala. Alisema, "Mdogo wangu, dawa za serikali zimeshindwa. Mtoto huyu amefungwa. Unajua ule mpaka wa shamba." Watu wengine walisema ni UKIMWI, ingawa Dada alikwisha pimwa mara nne na kuonekana hana. Baba alimjibu kaka yake kwa adabu sana. Alisema, "Kaka, nitakwenda kokote utakakosema, lakini kwanza nataka mtu mmoja aniambie kwa nini unauma upande mmoja tu." Nilifikiri ni maneno ya kumwondoa mgeni. Kumbe lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyokuwa tumeuliza kwa miaka miwili na nusu.

Mwezi wa Agosti walikwenda Songea, zaidi ya kilometa 100. Walikutana na daktari mwanamke, kijana, ambaye Mama alimdhania mwanafunzi. Daktari huyo alimwambia Dada avue blauzi, ageuke, avute pumzi. Akaweka chombo chake cha kusikilizia upande wa kushoto, akasikiliza. Akaweka kulia, akasikiliza. Akarudi kushoto. Dada anasema alisikilizwa mgongo muda mrefu hata akaona haya. Kisha daktari akauliza, "Nani alikuambia una pumu?"

Alieleza hivi: pumu haichagui pafu. Huibana mirija ya mapafu yote mawili, na ukisikiliza, filimbi hulia huku na huku. Filimbi ikilia upande mmoja tu, na ikawa ni mahali palepale mwezi hata mwezi, basi katika mrija huo pana kitu. Kitu hicho chaweza kuwa punje ya muhindi aliyovuta mtoto, au uvimbe. Na hii ndiyo sababu ya zile nimonia tatu. Mrija ukizibwa, makohozi ya nyuma yake hayana pa kutokea, yanatuama kama maji ya mfereji uliozibwa na majani, yanaoza, na homa inapanda. Unaweza kuyatibu maji yaliyooza kwa dawa, lakini majani bado yapo.

Picha ya eksirei ilionyesha sehemu ya chini ya pafu la kulia imesinyaa. Daktari akaandika barua ya kwenda Dar es Salaam.

Sasa nitaje fedha, maana katika habari za ugonjwa watu huziruka kana kwamba mgonjwa hutibiwa kwa upepo. Dada alikuwa amepita umri wa kuwekwa katika bima ya Baba. Baba ana shamba la misindano, ekari mbili, alilolipanda mwaka 2014. Huku kwetu na Njombe kote miti ndiyo benki ya mtu, na kila mwenye akili anajua kwamba msindano wa miaka 8 ni mtoto. Ukisubiri uwe mnene unapata mbao. Ukiukata mapema unapata nguzo nyembamba na bei ya kukutukana. Miti ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya masomo yangu. Baba hakunificha. Alinipeleka shambani, akanionyesha alama za mnunuzi zilizopakwa rangi juu ya magome, akasema, "Hii ilikuwa shule yako. Nimeona nikuonyeshe kabla haijaondoka." Mimi nilijibu kwamba miti huota. Hatukusema zaidi.

Mama na Dada waliondoka Septemba. Ni kama kilometa 800 kwa basi, kupitia Makambako na Iringa na mbuga ya Mikumi, ambako Dada anasema twiga walimtazama kwa huruma kuliko abiria. Huko Dar es Salaam, katika hospitali kubwa, alipigwa picha ya mashine ile ya duara ambayo hukata mwili vipande vipande kwa mionzi bila kisu, nayo ikaonyesha uvimbe wa ukubwa wa yai la njiwa ndani ya mrija wa pafu la kulia. Kisha akaingizwa mpira mwembamba wenye taa na kamera, kupitia puani mpaka kifuani. Picha yake niliiona baadaye katika kompyuta ya daktari. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha, chenye meno. Kumbe kilikuwa cha mviringo, laini, chekundu cha kung'aa, kama buni iliyoiva ya kule Mbinga, kimekaa katikati ya mrija kama mlinzi wa lango. Walimega kipande kidogo sana, kwa hofu, maana uvimbe wa namna ile una mishipa mingi na hutoa damu kwa urahisi. Kipande kikapelekwa maabara.

Jibu la kwanza lilirudi mwezi wa Oktoba. Lilisema saratani ya mapafu, aina ya seli ndogo.

Mimi nilikuwa shuleni, nami sikuambiwa. Baba aliambiwa kwa simu akiwa darasani kwake anafundisha sehemu za desimali. Wanafunzi wake wamenisimulia kwamba alirudi ubaoni akamaliza mfano, akawapa zoezi, akatoka nje akasimama chini ya mlingoti wa bendera mpaka kengele ilipolia.

Yafaa nieleze kwa nini jina hilo ni zito. Saratani ya seli ndogo hukimbia. Mara nyingi inapogunduliwa imekwisha kutawanyika, kisu hakifai tena, na hutibiwa kwa dawa kali za dripu na kwa mionzi. Wachache mno huishi miaka 5. Karibu wote wanaoipata ni wavutaji wa sigara. Na hili ndilo lililomsumbua daktari wa upasuaji aliposoma karatasi. Mbele yake alikuwa na msichana wa miaka 24 asiyevuta sigara, aliyekohoa miaka mitatu, na ambaye bado alikuwa akipanda ngazi za wodi kwa miguu yake. Alimwambia Mama, "Mama, ugonjwa huu ulioandikwa hapa haungojei miaka mitatu. Ama karatasi imekosea ama binti yako amekosea." Akaomba kipande kilekile kisomwe tena na mtaalamu mwingine.

Kosa la namna hiyo linajulikana na wenye kazi hiyo. Kipande kinapomegwa kwa koleo ndogo, seli husagika, na zikisagika, za aina mbili tofauti huweza kufanana kama nyuso za watu gizani. Mtaalamu wa pili alitumia dawa za rangi, kisha akafanya kazi ambayo mimi, nisiyependa hesabu, naistahi sana: alihesabu. Chini ya hadubini alihesabu seli zilizokuwa katika tendo la kujigawa. Katika eneo la milimeta mraba 2, uvimbe mpole huwa na seli za namna hiyo chini ya 2. Zikiwa 2 hadi 10, ni wa kati. Zikizidi 10 ndipo unaingia katika zile kali, na saratani ya seli ndogo huwa nazo makumi kwa makumi. Katika kipande cha Dada aliona moja.

Basi jina la haki likapatikana: kasinoidi ya pafu. Jina hilo lilitungwa na daktari Siegfried Oberndorfer wa Ujerumani mwaka 1907, alipoona vivimbe katika utumbo vilivyofanana na saratani lakini havikuwa na haraka yake. Maana yake ni "mfano wa saratani". Baadaye, mwaka 1929, yeye mwenyewe alikiri kwamba vingine huweza kusambaa. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea. Ni saratani, ila ni saratani mwendo wa kobe. Katika watu 100 wenye saratani ya mapafu, wenye kasinoidi ni mmoja au wawili tu. Huwapata hata vijana. Ile iliyo pole, ikikatwa yote mapema, kama watu 90 katika 100 huwa hai baada ya miaka 5. Na hapa ndipo uone uzito wa jina. Dawa za dripu na mionzi, ambazo ndizo silaha za seli ndogo, kasinoidi ya pole haizijali sana. Dawa yake ni kisu. Kama karatasi ya kwanza ingefuatwa, Dada angenyonyoka nywele na kudhoofika kwa ajili ya ugonjwa wa mtu mwingine, na buni yake ingekaa palepale.

Watu wa nyumbani waliposikia neno saratani walisema mambo mawili. Kwanza, kwamba ni ugonjwa wa wakubwa, kwa kuwa waliyemfahamu kufa kwa saratani ni Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999 kwa saratani ya damu. Pili waliuliza kama Dada alivuta sigara kwa siri. Hakuvuta. Kasinoidi ya namna yake haijulikani kuletwa na tumbaku. Lakini nisiiache tumbaku ikapona katika makala hii. Mkoa wetu wa Ruvuma umelima tumbaku ya moshi tangu enzi za babu zetu, na mabani yake yamelipa ada za watoto wengi, wakiwamo wengine wanaosoma ukurasa huu. Hata hivyo ukweli ni kwamba saratani nyingine za mapafu, zilizo nyingi, huletwa na moshi wa sigara kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu wetu wa Baiolojia alinisimulia habari ya Evarts Graham wa St. Louis, Marekani, ambaye tarehe 5 Aprili 1933 alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu lote la kushoto lenye saratani, na mgonjwa akapona. Graham alikuwa mvutaji. Mwaka 1950 yeye na Ernst Wynder walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba sigara huleta ugonjwa huo, naye akaacha kuvuta. Akafa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mgonjwa wake aliishi mpaka 1963.

Nilifika Dar es Salaam mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, pamoja na Baba. Siku ya kwanza nilipotea nikatokea ufukweni, mbele ya Ocean Road, jengo lililofunguliwa na Wajerumani kama hospitali mwaka 1897 na ambalo leo ni makao ya taasisi yetu ya saratani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Nje walikaa watu wamejifunga kanga na vilemba, wamebeba bahasha kubwa za picha. Nilisikia Kisukuma, Kihaya, na Kingoni. Niliposikia Kingoni nilitaka kusalimu, lakini niliona mama yule anahesabu noti, nikamwacha ahesabu.

Upasuaji ulichukua saa nne na zaidi. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili. Walimtoa Dada sehemu ya chini ya pafu la kulia, ile iliyosinyaa na ambayo kwa kweli ilikwisha acha kazi siku nyingi, pamoja na tezi zilizo karibu ili zichunguzwe. Alipotolewa alikuwa na mpira ubavuni, umeingia katika chupa yenye maji chini ya kitanda. Kila alipokohoa mapovu yalipanda. Muuguzi alituambia tuyaangalie: hewa iliyobaki nje ya pafu ilikuwa ikitoka, na mapovu yakikoma ni dalili kwamba pafu limejaa na kugusa ukuta wake. Baba akaketi akiyahesabu mapovu kama anayesahihisha madaftari. Siku ya nne yakakoma. Ndiyo mara ya kwanza katika mambo haya yote nilipomwona analia, na alisema ni jasho.

Uvimbe wote ulisomwa upya, maana hesabu ya mwisho hufanywa ukishatolewa mzima. Jina halikubadilika. Tezi zilikuwa safi.

Dada alirudi kwenye cherehani mwezi wa Machi mwaka 2023. Hana filimbi. Mlima wa kisimani anaupanda kwa kupumzika mara moja, na mwaka wa kwanza alipumzika mara nne. Kovu lake linauma ukungu unaposhuka, hivyo sasa anavaa sweta bila kuambiwa, na Bibi anadai ushindi. Baba Mkubwa alikuja kumsalimia na jogoo. Habari ya mpaka wa shamba haijatajwa tena, ingawa mpaka wenyewe bado haujaamuliwa.

Kwa kuwa kasinoidi ni ya mwendo wa kobe, yaweza kurudi baada ya miaka mingi. Kwa hiyo amepangiwa kupigwa picha kwa vipindi kwa muda wa miaka isiyopungua 10. Kila safari ni nauli ya watu wawili, chakula, malazi kwa ndugu wa Mbagala, na gharama ya mashine. Ana kopo la maziwa ya unga juu ya rafu ya nyuzi, na kila sare ya shule anayoshona anaweka humo shilingi elfu moja kabla ya kugusa zilizobaki. Nyinyi mlioshonewa sare kwake mwaka huu mmechangia bila kujua. Nilipomwuliza wiki iliyopita, alisema kopo limekwisha kufika nauli ya kwenda, na bado nauli ya kurudi.